Sauti kwanza: mwongozo kamili wa kufundisha kusoma, kuandika na tahajia Darasa la Kwanza na la Pili

Mwaka wa kwanza nilipopewa Darasa la Kwanza, kufikia mwezi wa tano darasa langu lilikuwa linasoma kama kwaya. Nilikuwa naweka kijiti chini ya sentensi ubaoni, watoto wanaitikia kwa sauti moja: "Ma-ma a-na-pi-ka u-ga-li." Nilikuwa nimeridhika kabisa. Asubuhi moja nikafuta neno la mwanzo, nikaandika "kaka" mahali pake, nikanyamaza. Darasa zima likasoma: "Mama anapika ugali." Nikamwita mtoto ambaye sauti yake ndiyo iliyokuwa ikiwaongoza wenzake, nikamwonyesha neno "ugali" peke yake kwenye kipande cha karatasi. Alilitazama kwa muda, kisha akainua macho ukutani, kwenye bango lenye picha ya sufuria. Hakulijua. Alikuwa ameikariri ile sentensi kama mtu anavyokariri wimbo.

Tangu siku ile nina kanuni mbili. Ya kwanza, simhesabu mtoto kuwa amesoma mpaka nimsikilize peke yake, akisoma neno ambalo hajawahi kuliona. Ya pili, alichojifunza kusoma leo, akiandike leo hii hii. Mengine yote ninayoeleza hapa chini yanafuata kutoka kwenye hizo mbili. Nimeandika kwa ajili ya mwalimu mwenzangu wa madarasa ya mwanzo, na pia kwa mzazi au mlezi mwenye mtoto wa miaka sita hadi tisa ambaye bado hajashika kusoma. Nchini Tanzania tunaiita kazi hii KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na tangu mwaka 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulijengwa juu yake. Hapa nitashughulika na K mbili za mwanzo.

Anza na sikio

Kabla ya kumwonyesha mtoto herufi yoyote, mfundishe kusikia. Wiki mbili za mwanzo za mwaka zinatosha, dakika 10 hadi 15 kila siku. Walimu wengi tunaziruka kwa sababu hazionekani kwenye daftari, halafu tunazilipa kwa machozi mwezi wa saba.

Piga makofi kwa kila silabi. Ba-ba, makofi mawili. Ma-e-mbe, matatu. Ki-ko-mbe, matatu. Kisha nenda kwenye yale ya kutega: m-tu ni mawili, n-chi ni mawili, ta-a ni mawili. Mtoto anayepiga kofi moja kwa "taa" ndiye atakayeandika "ta" miezi minne baadaye. Mwandike jina pembeni mapema.

Baada ya makofi, cheza na sauti ya mwanzo. "Nani jina lake linaanza na sss?" "Taja kitu cha jikoni kinachoanza na mmm." Kisha geuza mchezo: wewe tamka sauti moja moja, wao waziunganishe. "Mimi nasema k...u...k...u. Ni mnyama gani?" Mtoto anayeweza kuunganisha sauti kwa masikio ataunganisha herufi kwa macho bila shida kubwa. Asiyeweza, hata umpe kitabu kizuri namna gani, atakariri.

Kama watoto wako wanazungumza lugha nyingine nyumbani, Kisukuma, Kigogo, Kimasai au nyingine yoyote, wiki hizi ziongeze ziwe nne au tano, na uzijaze mazungumzo. Leta kikombe, leta jembe, leta chungwa. Mtoto anaweza kutamka "kikombe" kwenye karatasi bila kosa, na asijue kwamba ndicho anachonywea uji. Huko hakujawa kusoma.

Herufi: fundisha sauti yake, jina litakuja

Hapa ndipo makosa mengi huanza. Ukimwambia mtoto kwamba herufi hii inaitwa "be", halafu ukamwambia aiunganishe na "a", atakujibu "bea". Ana haki yake, amefanya kile ulichomfundisha. Mfundishe sauti ya b, fupi, midomo ikifunguka bila irabu nyuma yake. Majina ya herufi yaache hadi mtoto awe anasoma maneno. Atayashika kwa siku tatu.

Mpangilio wa herufi nao una uzito. Ule wa abjadi haukuwekwa kwa ajili ya kujifunza kusoma. Mimi huanza na irabu a, i, u, kisha m, k, t na l. Kwa nini hizo? M na l zinavutika: unaweza kusema "mmmaaa" na mtoto akasikia jinsi sauti moja inavyoingia kwenye nyingine. K na t hazivutiki, lakini zinatupatia maneno mengi mno. Kwa herufi hizo saba mtoto tayari ana mama, kaka, kuku, kiti, kitu, taa, ukuta, kula, lala, kata, lima, tamu, kali, kilima. Ana hata sentensi: "Mama alilima." "Kuku alilala." "Kaka alikula." Mtoto aliyesoma sentensi ya kweli mwezi wa pili wa shule huenda nyumbani akiwa mtu mwingine, na mzazi huanza kuuliza daftari liko wapi.

Baada ya hizo leta e na o, kisha n, s, b, na zinazobaki kidogo kidogo. B na d zitenganishe kwa wiki tatu au zaidi. Usiifundishe d mpaka b imekaa mkononi. Hali kadhalika m na n: m ikae kwanza. Q na x hatuna katika maneno yetu, na c haisimami peke yake, huja pamoja na h.

Somo moja, tangu kengele hadi kengele

Nieleze somo la herufi l kama ninavyolifundisha, kipindi cha dakika 30.

Dakika 5 za mwanzo ni za kurudia. Nachanganya kadi za silabi tulizosoma, mi, ka, tu, ta, ku, nazionyesha bila mpangilio. Kuchanganya ni muhimu kuliko inavyoonekana. Ukizipanga ma, me, mi, mo, mu kila siku, mtoto anajua kinachofuata bila kutazama. Ule wimbo wa "ba be bi bo bu" nimeuimba utotoni na ninaupenda, lakini uimbwe mchezoni. Ubaoni andika mi, mu, ma, mo, me, na kesho uandike kwa mpangilio mwingine.

Kisha sauti. "Sikilizeni: lala, limau, lima. Mnasikia nini mwanzoni?" Wakisema "la", nawarudisha: "Limau inaanza na la?" Hapo wanatulia, wanatafuta. Nawaambia waguse kwa ulimi ufizi wa nyuma ya meno ya juu, watoe "lll".

Ndipo naandika l ubaoni. Wanaichora hewani kwa kidole, mkono umenyooka, wakiitamka sauti yake.

Kisha kuunganisha, na hapa naenda polepole. Naweka kidole chini ya l, natoa "lll", nakitelezesha hadi chini ya a bila kukata pumzi: "lllaaa. La." Nafanya mimi, kisha tunafanya sote, kisha anafanya mmoja. Hatua hiyo ya tatu ndiyo inayorukwa mara nyingi darasa linapokuwa kubwa. Hata ukiita watoto sita tu, waite wale walionyamaza. Wanaonyoosha mikono umeshawajua.

Sasa maneno: lala, kula, kali, kilima. Kisha sentensi mbili. Kisha daftari: mstari mmoja wa l, mstari mmoja wa silabi, na maneno matatu kwa imla, labda la, kula, lima. Imla hiyo ya dakika 4 ndiyo inayonionyesha kama somo limeingia. Ubao ukiwa umejaa maneno, kila mtoto anaweza kunakili hata kama hajui kusoma. Ninafuta ubao kwanza.

Kushika penseli na kuumba herufi

Kidole gumba na cha shahada vishike, cha kati kiegemeze chini. Mtoto anayeibana penseli kwa ngumi atachoka baada ya mistari miwili, na uchovu huo wengi huuita uvivu. Mkono mwingine ushikilie daftari. Miguu ikiwa inaning'inia kwenye dawati refu, weka tofali au boksi chini yake. Mwandiko hubadilika siku hiyo hiyo.

Anza hewani, uende mchangani, kisha kwenye kibao kwa chaki, ndipo daftari lenye mistari miwili miwili. Mchanga una faida yake: ni mpana, hausumbui, na kosa hufutwa kwa kiganja. Wale wenye vidole vizito wape udongo wafinyange herufi.

Mwelekeo wa mkono ni jambo la kusimamia tangu siku ya kwanza, maana ukishakosewa ni vigumu kuurekebisha. Herufi a, c, d, g na o zote zinaanza juu upande wa kulia, mkono ukizunguka kwenda kushoto. B huanza na fimbo inayoshuka, kisha tumbo. D huanza na tumbo, kisha fimbo. Watoto wangu husema kwa sauti wanapoandika: "fimbo, tumbo" kwa b, "tumbo, fimbo" kwa d. Mtoto anayechanganya hizi mbili mpaka umri wa miaka saba bado yuko kwenye kawaida. Usimwite mjinga, na usiwaache wenzake wamwite hivyo.

Anayeandika kwa mkono wa kushoto aachwe na mkono wake. Mkalishe mwisho wa kushoto wa dawati ili viwiko visigongane, na daftari lake ulilaze kidogo kuelekea kulia.

Silabi ngumu, ambako darasa hugawanyika

Silabi za herufi mbili, kama ma na ki, watoto wengi huzipata. Mgawanyiko hutokea tunapofika mb, nd, ng, nj, nz, kisha ch, sh, ny, th, dh, gh, kisha zile za mw, kw, bw. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu mtoto anayekwama hapa ndiye tunayemkuta Darasa la Nne akisoma kwa kubahatisha.

Mtoto wangu mmoja wa Darasa la Pili aliandika hivi Jumatatu moja: "Jana tulieda shaba na bibi tukapata mihogo." Mtu mwingine angeweka alama mbili nyekundu akaendelea. Lakini hebu tazama. Ameandika "tukapata" bila kosa, na "mihogo", ambayo watoto wengi huandika "miogo", ameiandika sawa. Makosa yake mawili ni kosa moja: n mbele ya d, na m mbele ya b. Hasikii ile sauti ya puani inayotangulia. Hana makosa mengi. Ana shimo moja, na nikiliziba, maneno mia yanapona.

Nilimwita, nikamwambia abane pua aseme "shaba", kisha "shamba". Kwenye "shaba" pumzi haikwami. Kwenye "shamba" inakwama puani, akacheka. Kisha nikampa jozi: boga na mboga, doa na ndoa, tega na tenga, shaba na shamba. Nasema moja, anaonyesha kadi yake. Baadaye anasema yeye, ninaonyesha mimi, na mara nyingine nakosea makusudi ili anisahihishe. Siku ya nne tukaandika. Ilichukua wiki mbili, dakika tano kila asubuhi kabla ya gwaride.

Ng na ng' nazo zinahitaji siku zake. Ngoma, nguo, nguruwe upande huu. Ng'ombe, ng'oa, ng'ara upande ule. Ule mkwaju mdogo wa juu unaitwa ritifaa, na watoto hupenda kuujua kwa jina. Waambie waseme "ng'" na kuivuta: ng' inavutika puani bila mwisho, ng haivutiki, inapasuka. Usizifundishe zote mbili siku moja.

Kisha kuna m inayosimama yenyewe. M-tu, m-ti, m-kate, m-lango. Mtoto aliyezoea kwamba kila silabi inaishia kwa irabu hutafuta irabu ya kuweka, ndiyo maana tunaona "mutu" na "mulango". Mwambie wazi: m hii ni silabi kamili, ina kofi lake. Wakishaizoea huwaandikia neno "mbuni" ubaoni na kuwauliza makofi mangapi. Ni mawili kama ni yule ndege mkubwa, mbu-ni. Ni matatu kama ni mti wa kahawa, m-bu-ni. Wanabishana mpaka kengele, na hakuna zoezi linalowaamsha masikio kama hilo.

Irabu zinazofuatana zifundishe kwa jozi vilevile: kata na kataa, kufa na kufaa. Kila irabu ina kofi lake.

Tahajia: mtoto huandika anavyosema

Maandishi yetu sanifu yanatokana na kazi ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki, na msingi wake ukawa Kiunguja. Uzuri wake ni kwamba herufi na sauti zinaendana. Ugumu ni kwamba mtoto ambaye sauti zake za nyumbani ni nyingine ataandika za nyumbani kwa uaminifu kabisa. Anayesema "karamu" akimaanisha kitu cha kuandikia ataandika "karamu". Kalamu yake haina kosa. Kosa liko sikioni na ulimini, na huko ndiko dawa inakowekwa. Kumwandikisha "kalamu" mara hamsini kunamchosha tu, maana anaponakili anaendelea kusema "karamu" moyoni.

Kwa hiyo fuata njia hii: asikie tofauti, kisha aitamke, kisha aisome, mwisho aiandike. Tumia jozi ambazo kosa linabadilisha maana, ili mtoto aone sababu ya kujali:

kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari;
suka na shuka, sindano na shindano;
samani na thamani;
apa na hapa.

Chagua jozi kwa kuwasikiliza watoto ulio nao. Darasa langu la sasa halina shida na l na r, lina shida ya th na dh: wanaandika "feza", "zahabu", "salasini". Kwa hizo huwaambia ncha ya ulimi ichungulie kati ya meno, nao hutazamana midomo wawili wawili. Wengine wanaidondosha h, "apa" badala ya "hapa", na wakisahihishwa sana huanza kuipachika kila mahali, "hasubuhi". Weka kiganja mbele ya mdomo: h ina upepo.

Na tafadhali, usimcheke mtoto kwa lafudhi ya kwao. Akichekwa mara mbili hatasoma tena kwa sauti, na ukimkosa kwa sauti huna njia ya kumsaidia.

Imla nzuri ni fupi na ya kila siku: silabi tatu, maneno matatu, sentensi moja. Tamka neno, liweke katika sentensi, litamke tena kwa kasi ya kawaida. Mtoto alirudie kwa mdomo, alipigie makofi, ndipo aandike. Kisha andika jibu ubaoni, naye ajikague silabi kwa silabi. Mimi huweka alama ya vema juu ya kila silabi iliyo sawa, na ile iliyokosewa naizungushia duara. Neno "shaba" kwa "shamba" linapata vema moja na duara moja. Mtoto anaona kwamba karibu anafika, na anaona pa kwenda.

Darasa la Pili ongeza mambo ya kutenganisha maneno. "Kwa sababu" ni maneno mawili, "kwa hiyo" ni mawili. "Ninakwenda" ni moja, ingawa wengi huandika "nina kwenda". Dawa yake ni familia ya neno: ninacheza, unacheza, anacheza, tunacheza, mnacheza, wanacheza. Waandike kwenye kadi mbili, kichwa upande mmoja na "cheza" upande mwingine, wabadilishe vichwa. Wataona kwamba kichwa hakitembei peke yake.

Kasi, na maana

Maneno yetu ni marefu. "Walipotuona" ni neno moja lenye habari ambayo lugha nyingine huitumia maneno manne. Ndiyo maana Kenya, ilipoweka viwango vya kusoma kwa madarasa ya mwanzo, iliweka maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Nakueleza hili ili usimlinganishe mtoto na viwango vya lugha nyingine ukamwona mzito.

Kasi inakuja kwa kurudia matini ileile fupi: leo, kesho, keshokutwa, akisoma na mwenzake. Neno refu lifunike kwa kidole: "wa-li-po", pumzika, "tu-o-na". Baada ya wiki kadhaa macho yanalikata yenyewe.

Lakini mtoto anayekimbia bila kuelewa amepotea njia. Kila siku, hata kwa dakika 10 tu, wasomee wewe hadithi. "Paukwa!" "Pakawa!" Wasomee kitu kigumu kuliko wanachoweza kusoma wenyewe, maana masikio yao yako mbele ya macho yao, na msamiati unaingilia huko. Simama katikati uulize: "Unadhani sungura atafanya nini?" Ukimaliza, uliza swali ambalo jibu liko wazi kwenye hadithi, kisha moja ambalo jibu halikuandikwa: "Kwa nini fisi hakurudi tena?" La pili ndilo linaloonyesha nani ameelewa.

Kuandika cha kwao

Mwezi wa sita wa Darasa la Kwanza watoto wangu huanza kuandika sentensi zao wenyewe. Wengi husubiri tahajia inyooke kwanza, mimi sisubiri. Anza na pengo: "Jana nilikula ____." Kisha picha, waandike sentensi moja. Kisha habari za Jumatatu: ulifanya nini Jumapili, sentensi tatu. Kabla ya kuandika mtoto aisimulie kwa jirani yake, kwa sababu asiyekuwa na la kusema hana la kuandika.

Unaposahihisha, chagua jambo moja. Wiki hii herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni. Wiki ijayo n na m za puani. Mengine yapite. Daftari lililojaa wino mwekundu humfundisha mtoto kuandika sentensi fupi asikosee. Mjibu pia kwa maandishi. Yule wa "shaba" nilimwandikia chini: "Mliipika mihogo au mliichoma?" Alikimbia kuniletea jibu wakati wa uji, limeandikwa mgongoni mwa karatasi ya daftari: "tuliichoma na tukala na chumvi."

Darasa la watoto 80

Najua unachosema moyoni. Utawasikiliza lini mmoja mmoja? Watano kwa siku. Kwa siku 16 za shule umewamaliza 80, na unaanza upya. Wawili kabla ya kengele ya asubuhi, watatu wenzao wanapoandika. Uwe na karatasi moja yenye herufi kumi, silabi kumi, maneno kumi, na aya fupi ambayo haimo kwenye kitabu. Kila mtoto aanze anapoweza na aendelee hadi anapokwama. Pale alipokwama paandike kwenye daftari lako na tarehe. Vipimo vya Uwezo, mpango wa kupima watoto kusoma na kuhesabu ulioanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya Kenya, Tanzania na Uganda, vilifuata ngazi kama hizo hizo, na mwalimu yeyote anaweza kujitengenezea zake.

Ukishajua walipokwama, wagawe kwa ngazi: wa herufi, wa silabi, wa maneno, wa aya. Mara tatu kwa wiki, dakika 20, kila kundi lina kazi yake. Wa aya wanasoma wawili wawili bila wewe. Wa maneno wanapanga kadi kuwa sentensi. Wewe kaa chini na wa herufi na silabi. Makundi yabadilike kila mwezi, na yasipewe majina yanayoonyesha nani yuko chini.

Vifaa havihitaji bajeti. Vizibo vya soda na maka peni vinakupa herufi za kuchezea. Maboksi ya dukani yanatoa kadi. Mfuko wa saruji ukikatwa na kugeuzwa ndani nje ni bango zuri linalodumu mwaka mzima.

Usisahau macho na masikio. Mtoto anayekaribiza daftari puani, anayekunja uso akitazama ubao, au anayekosea imla lakini anasoma vizuri, mhamishe mbele kwanza, kisha zungumza na mzazi aende kupimwa.

Nyumbani

Mzazi, dakika 10 za kila siku zina nguvu kuliko saa mbili za Jumamosi. Keti na mtoto, akusomee. Kama wewe mwenyewe husomi, msikilize hivyo hivyo na umwulize hadithi inahusu nini. Akishindwa kukueleza, mwambie arudie. Akikwama kwenye neno, usimtajie haraka. Hesabu moyoni hadi tano. Kisha mwonyeshe silabi ya kwanza tu.

Msomeshe pakiti ya chumvi, kopo la majani ya chai, maandishi ya nyuma ya daladala. Mtume dukani na orodha aliyoiandika mwenyewe: sukari, mchele, sabuni. Akirudi na kitu kingine kwa sababu ya herufi moja, ameelewa tahajia ni ya nini.

Likizo ya mwezi wa sita ndipo wengi wanaporudi nyuma. Mimi huwapa karatasi moja iliyokunjwa mara nne, ndani yake sentensi 20, moja kwa kila siku ya juma ukiondoa Jumamosi na Jumapili. Kila siku mtoto anaisoma kwa mtu mmoja wa nyumbani, kisha anaandika ya kwake chini yake. Mtu huyo anaweka alama yoyote pembeni, hata kidole gumba chenye masizi. Shule ikifunguliwa, karatasi hizo ndizo ninazozisoma kabla ya kitu kingine chochote.